Sauti Ikilala Upande Mmoja: Kupanga Spika Mbili Katika Sebule ya Nairobi

Ukiingia katika sebule nyingi za Nairobi utakuta mpango ni ule ule. Televisheni imening'inia ukutani, spika moja iko juu ya kabati, ya pili imejificha nyuma ya mlango ikiwa imebebeshwa chungu cha maua, na sofa zimebanwa ukutani kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa na daktari. Mwenyeji akiwasha rumba, magita yote yanatoka kona moja. Mwulize, atakwambia anajichanga anunue spika kubwa zaidi.

Mimi humwambia pesa zikae kwanza. Spika anazo, ila hajazipanga. Tena sauti ikimlalia upande mmoja, yeye hukimbilia nobu ya balansi, ile inayogawa nguvu ya sauti kati ya kushoto na kulia, ambayo ilipaswa kuwa dawa ya mwisho kabisa. Tafuta ugonjwa kwanza.

Utahitaji uzi wa mita sita hivi (hata wa katani), tepu ya fundi ya kupimia, selotepu ya karatasi ile ya wapaka rangi, kioo kidogo, na mtu wa kukusukumia spika huku wewe umekaa. Mimi humtumia mpwa wangu. Hulipwa chapati.

Spika mbili, mwimbaji wa katikati

Sauti moja ikitoka katika spika zote mbili kwa nguvu sawa na kwa wakati mmoja, masikio hudanganyika: unamsikia mwimbaji amesimama katikati, mahali ambapo hakuna spika yoyote. Juu ya udanganyifu huo ndipo stereo yote imejengwa. Alan Blumlein, mhandisi Mwingereza wa kampuni ya santuri ya EMI, aliomba hataza ya mbinu hizi Desemba 1931, ingawa santuri za stereo hazikuenea madukani hadi 1958.

Udanganyifu huo ni mwepesi kuvunjika. Sauti hewani hukimbia takriban mita 343 kwa sekunde kukiwa na joto la nyuzi 20, yaani sentimita 34 kwa kila elfu moja ya sekunde. Kimo cha Nairobi hakibadilishi hesabu hiyo, kwa sababu kasi ya sauti hufuata joto la hewa wala si mwinuko. Sasa, spika moja ikiwa karibu nawe kuliko mwenzake kwa sentimita 30, sauti yake inakufikia karibu elfu moja ya sekunde mapema, na hapo mwimbaji huburutwa karibu kabisa hadi upande huo hata kama nguvu ni sawa. Ndiyo maana tepu na uzi vinakuja kabla ya nobu.

Hatua ya 1: Kila waya mahali pake

Zima ampu (amplifaya) na uichomoe kwenye soketi. Kwa zile pini za RCA, zinazoleta sauti kutoka redio au simu hadi kwenye ampu, nyekundu ni kulia, na nyeupe au nyeusi ni kushoto. Kulia ni kulia kwako wewe uliyekaa ukizitazama spika. Ukizibadilisha pande hutagundua kwa muziki. Utagundua siku gari kwenye filamu linapita kwenda kulia huku mngurumo wake unaelekea kushoto.

Kosa baya zaidi ni kufunga waya mwekundu na mweusi kinyume kwenye spika moja. Hapo koni moja, ule uso wa spika unaotetema, inasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta. Weka mtangazaji wa taarifa ya habari, Radio Taifa kwa mfano, kisha kaa katikati. Sauti yake ikiwa haina makao, ikawa kama imekuzunguka kichwa, na besi imetoroka, spika zako zinavutana. Geuza nyaya za spika moja tu, nyekundu iende kwa nyeusi, usikilize tena. Besi ikirudi na mtangazaji akatulia katikati, umemaliza.

Ukitaka ushahidi wa macho, chomoa nyaya kwenye ampu, chukua betri moja ya 1.5 V ile ya rimoti, na uigusishe kwenye waya wa spika kwa sekunde moja: upande wenye kichunusi kwa waya mwekundu, ule bapa kwa mweusi. Tazama koni kubwa. Itaruka nje au itarudi ndani. Fanya hivyo kwa spika ya pili. La muhimu ni zote mbili ziruke upande mmoja. Spika zilizokwisha kupitia mikono ya mafundi wawili watatu mara nyingi hushindwa mtihani huu.

Wakati wa kurudisha nyaya, sokota vizuri zile nyuzi nyembamba za shaba. Uzi mmoja tu wa waya mwekundu ukigusa ule mweusi unaweza kuunguza ampu.

Hatua ya 2: Ukuta

Chagua ukuta ambao kushoto kwake na kulia kwake kunafanana. Sebule zetu nyingi zina ukuta wa mawe upande mmoja na nafasi wazi ya kuelekea jikoni upande wa pili, kwa hiyo kufanana kabisa ni ndoto. Ikibidi, chagua kufanana kuliko ukubwa. Na ondoa hicho chungu cha maua. Maji na amplifaya havijawahi kupatana.

Hatua ya 3: Uzi

Chukua uzi wa mita 6, funga ncha zake pamoja uwe duara, kisha utie alama kila baada ya mita 2. Umepata pembetatu yenye pande sawa. Alama moja iguse uso wa spika ya kushoto, ya pili ya kulia, na ya tatu iwe pale kichwa chako kinapokaa. Uvute uzi ukaze. Sebule ikiwa nyembamba, tumia mita 5.4 ili kila upande uwe 1.8. Chini ya mita 1.5 kati ya spika, muziki unaanza kubanana, isipokuwa unakaa karibu sana kama nitakavyoeleza.

Mara ya kwanza kufanya hivi nyumbani, nilikaa nimefumba macho huku mpwa wangu amepiga magoti nyuma ya spika ya kulia.

"Anko, hapa?"

"Sogeza mbele kidogo."

"Hapa sasa?"

"Umepitiliza. Rudisha kidole kimoja."

Akarudisha kidole kimoja. Yule mwanamke aliyekuwa akiimba, ambaye kwa miaka miwili nilidhani anaimba akiwa ndani ya kabati, akatoka akasimama mbele ya televisheni. Mpwa wangu hakusikia chochote, kwa sababu alikuwa nyuma ya spika. Ilibidi tubadilishane viti ndipo akubali kwamba sijarukwa na akili.

Hatua ya 4: Urefu

Twita, ile koni ndogo inayotoa sauti nyembamba, inapaswa kuwa sawa na masikio yako ukiwa umekaa. Kwa sofa nyingi hiyo ni kati ya sentimita 90 na 100 kutoka sakafuni, lakini sofa iliyozama inashusha watu, kwa hiyo jipime mwenyewe. Mafundi wa kuchomelea wa Kamukunji watakutengenezea stendi za chuma ukiwachorea. Mawe mawili ya ujenzi yaliyofunikwa leso hufanya kazi ile ile, na ni mazito, jambo ambalo ni zuri. Kama huna budi kuziweka juu ya kabati refu, kunja kadibodi uiweke chini ya sehemu ya nyuma ya spika ili uso uiname ukutazame. Na uzivute hadi ukingo wa kabati. Spika iliyosukumwa ndani ya rafu huongea kama mtu aliyeingiza kichwa ndani ya ndoo.

Hatua ya 5: Umbali na ukuta wa nyuma

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi hukata tamaa mapema.

Besi haiendi mbele tu. Huenea pande zote. Inayoenda nyuma hugonga ukuta na kurudi imechelewa. Kwa noti fulani hurudi ikiwa imepishana kabisa na ile ya mbele, zikauana, na noti hiyo ikafifia. Hesabu ni rahisi: gawa 343 kwa mara nne ya umbali wa uso wa spika hadi ukutani, kwa mita. Sentimita 85 huchimba shimo karibu na Hz 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde. Sentimita 43 hulichimba karibu na Hz 200, mahali ambapo sauti nene ya mwanamume hupata mwili wake. Shimo halikwepeki. Unachofanya ni kulihamisha hadi mahali ambapo halitaumiza sana.

Wakati huo huo, kadiri spika inavyokaribia ukuta ndivyo besi inavyovimba kwa jumla, na konani ambapo kuta mbili hukutana na sakafu, ndipo inapovimba kupita yote. Kuna wanaopenda hivyo. Matatu nayo hupendwa na wengi. Lakini sikiliza benga: gita la besi lina mazungumzo yake, linauliza na kujibu. Kwenye kona utasikia mvumo tu bila maneno.

Anza na sentimita 40 hadi 50 kutoka ukutani. Weka wimbo unaoujua wenye gita la besi linalotembea juu na chini, usikilize kama kuna noti inayopiga kelele kuliko wenzake au inayopotea. Sogeza spika zote mbili kwa sentimita 5, sikiliza, sogeza tena. Na usiiache spika ikiwa na umbali sawa na ukuta wa nyuma na ule wa kando. Ikiwa ni 50 nyuma, iwe 70 kando, au hata 35, ili mashimo yasiangukie mahali pamoja.

Huna nafasi? Basi fanya kinyume: zibane ukutani kabisa, upunguze besi kwenye ampu. Hilo ni afadhali kuliko kuwa katikati ya mambo. Ila spika yenye tundu nyuma iachie angalau sentimita 10 ipumue. Kama bado inavuma, ziba tundu hilo kwa soksi. Soksi safi.

Hatua ya 6: Kichwa chako

Sofa ikibanwa ukutani, kichwa nacho kiko ukutani, na besi hujikusanya pale pale. Kivute kiti mbele hata nusu mita utasikia tofauti. Katika chumba chenye urefu wa mita 4, mahali pazuri pa kuanzia ni kama mita 1.5 kutoka ukuta wa nyuma. Katikati kabisa ya chumba pia si pazuri, huko besi fulani hupotea.

Najua unaishi bedsita na kitanda kimekula nusu ya chumba. Hapo mimi napendelea pembetatu ndogo kuliko kubwa iliyovurugika: spika mita 1 hadi 1.2 kati yao, juu ya meza, na wewe kwenye stuli kwa umbali huo huo. Ukikaa karibu hivyo unasikia spika zaidi ya unavyosikia kuta. Baadhi ya usikilizaji bora nilioufanya maishani niliufanya mtaani Umoja, magoti yakigusa meza ya chakula.

Hatua ya 7: Kuzielekeza

Zigeuze ndani kiasi, hadi kila moja ilenge mahali kidogo nyuma ya kichwa chako. Ukiwa umekaa, unapaswa kuona upande wa ndani wa kila boksi kwa wembamba, sawa kushoto na kulia. Ukizigeuza zaidi, mwimbaji anakazika katikati lakini bendi inabanana. Ukizifungua, bendi inapanuka na mwimbaji anafifia. Twita zikichoma masikio, zifungue kidogo kabla ya kugusa nobu ya trebo, ile ya sauti nyembamba.

Hatua ya 8: Kofi

Simama katikati ya sebule upige kofi moja kali. Nyumba ya mawe, slabu juu na vigae chini hujibu kwa mlio wa kutetema, kama sarafu iliyodondoka. Kapeti kati yako na spika husaidia sana, pazia zito pia, hasa kama dirisha liko upande mmoja. Kabati la vitabu lililojaa ni zuri kuliko vyote.

Sasa kioo. Kaa mahali pako, msaidizi atembeze kioo kwenye ukuta wa kando. Pale unapoiona spika ndani ya kioo ndipo sauti yake inapogonga kabla ya kuja kwako. Weka kitu laini hapo: blanketi nene la mtumba la Gikomba lililotundikwa, au rafu. Fanya vivyo hivyo upande wa pili. Trei za mayai usizibandike. Hupunguza kidogo sauti nyembamba tu, besi haizijui, na zinawaka moto vizuri sana.

Hatua ya 9: Balansi

Sasa cheza sauti moja ya mtu, mtangazaji yule yule, au wimbo wa zamani uliorekodiwa kwa mono, yaani sauti ile ile kushoto na kulia. Nobu ya balansi ielekee juu, kama mshale wa saa sita kamili. Mtu huyo anapaswa kuwa nukta katikati. Akielemea upande mmoja, tuseme kushoto, fuata mpangilio huu bila kuruka.

Geuka uketi ukitazama nyuma. Spika iliyokuwa kushoto sasa iko kulia kwako. Mtangazaji akikufuata, yaani bado unamsikia upande wa sikio la kushoto, tatizo ni sikio; pengine nta tu, lakini mwone mtaalamu. Akibaki kwenye spika ile ile, endelea.

Zima ampu, badilisha nyaya za spika nyuma yake: za kushoto ziende kulia, za kulia kushoto. Washa. Mtangazaji akihamia kulia, tatizo liko kwenye ampu au kwenye chanzo kinachoilisha: pini, simu, redio. Akibaki kushoto, tatizo ni spika au chumba.

Kama ni spika au chumba, badilisha spika zenyewe mahali. Ulemavu ukihama na spika, sogeza sikio karibu na twita ya ile dhaifu. Mara nyingi utakuta imekufa kimya. Usipohama, ni chumba: ukuta upande mmoja, pazia upande wa pili, au tepu ilipimwa vibaya. Rudia uzi.

Kama ni ampu au chanzo, rudisha nyaya za spika, kisha badilisha pini za RCA upande wa chanzo. Mtangazaji akihama, kosa ni la chanzo. Asipohama, ni waya wa RCA au ampu. Kwa ampu kuukuu, zungusha nobu za sauti na balansi kutoka mwanzo hadi mwisho mara ishirini ikiwa imezimwa. Vumbi ndani yake hufanya chaneli moja ikatike. Zikikwaruza bado, fundi wa Luthuli Avenue atazisafisha kwa dawa ya kupuliza.

Nasisitiza kuangalia chanzo kwa sababu kiliniaibisha. Kwa wiki nzima sauti ililala kushoto. Nilinunua waya mpya, nikahamisha kabati, nikamlaumu fundi. Kumbe mpwa wangu, yule yule msukumaji, alikuwa ameazima simu yangu aitumie na vipokea sauti vyake vilivyokufa upande wa kulia. Alikuwa ameingia kwenye mipangilio ya ufikivu na kuburuta kile kijistari cha balansi hadi kushoto ili asikose maneno. Simu za Android na iPhone zote zina kijistari hicho. Kitazame kabla ya kutoa hata shilingi.

Yote hayo yakiisha na bado kuna mwelemeo mdogo unaotokana na umbo la chumba, sasa gusa nobu. Kidogo. Ikibidi uivuke saa saba au saa tano, umeruka hatua fulani huko juu.

Hatua ya 10: Ukiwa na wufa

Zile seti za wufa (spika ya besi) na vispika viwili huja na nyaya fupi, ndiyo maana vyote huishia kwenye rafu moja. Ongeza nyaya, waya wa kawaida wa spika unatosha. Vispika vikiwa vidogo kama kikombe, wufa ndiyo inayobeba hata unene wa sauti ya mtu, kwa hiyo iache ikae kati ya vispika, la sivyo mwimbaji atagawanyika kifua huku na mdomo kule.

Wufa ya kweli iliyokatwa karibu na Hz 80, yaani inayotoa sauti za chini ya hapo tu, haisikiki inatoka wapi, na ina uhuru zaidi. Iweke juu ya kiti chako cha kusikilizia, cheza besi, kisha tambaa kwa magoti ukipita kandokando ya kuta. Pale unaposikia kila noti sawa na mwenzake ndipo pa kuiweka. Funga mlango kwanza. Mama watoto wangu alinikuta nimeweka sikio sakafuni akauliza kama nimepoteza pete.

Vipande vya patipati zilizochakaa chini ya wufa huzuia mtikisiko wa kabati. Jirani wa chini havitamsaidia sana, besi hupenya slabu tu.

Hatua ya 11: Alama

Bandika selotepu ya karatasi sakafuni kwenye pembe za mbele za kila spika, na kipande kimoja chini ya mguu wa kiti chako. Kisha onyesha kila mtu wa nyumba hiyo selotepu ni ya nini. Yangu ya kwanza ilibanduliwa Jumamosi moja wakati wa kupiga deki, ikatupwa pamoja na maganda ya viazi, na spika ya kulia nikaikuta nyuma ya mlango.